Jinsi ya kuwafuatilia akina Healy wa Marekani bila kuwachanganya: mwongozo kamili

Kila ikikaribia tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, zinaanza kuzunguka zile orodha za "Wairishi waliotikisa Marekani", ukifungua unakuta Kennedy, Reagan, Kennedy, halafu Kennedy mwingine tena. Sio kwamba hawastahili, sisi huku wenyewe tunawakumbuka maana mwaka 1960 mfuko wa familia yao ulitoa dola 100,000 ili wanafunzi wa Afrika Mashariki wapande ndege waende kusoma Marekani baada ya Tom Mboya kwenda kumwona seneta John Kennedy, ila jina lao limeshachambuliwa mpaka mifupa. Kuna majina mengine ya Kiairishi yana watu wazito na stori zao hazijaguswa, Kiswahili ndo kabisa.

Kwa hiyo huu mwongozo ni wa yule anayetaka kuchukua jina moja la ukoo, akusanye watu waliolibeba kwenye maisha ya umma ya Marekani, yaani siasa, kanisa, jeshi, vyuo, sanaa, halafu aandike makala au atengeneze video au aongeze kurasa kwenye Wikipedia ya Kiswahili bila kupotosha watu. Nimechagua Healy kwa makusudi, jina hili lina kila aina ya mtego, ukiliweza hili basi Murphy na Sullivan utazikuta nyepesi (nyingi kupita kiasi, lakini nyepesi).

Hatua ya kwanza: lijue jina kwao kabla hujalitafuta ugenini

Watu wengi wanarukia Marekani moja kwa moja, hapo ndo wanapoanza kukosea. Healy kule Ayalandi sio ukoo mmoja, ni koo mbili zisizohusiana ambazo majina yao ya Kiairishi yalifanana fanana, Waingereza walipoanza kuyaandika kwa herufi zao yakaangukia sehemu moja. Kuna akina Ó hÉilidhe wa Sligo, upande wa kaskazini magharibi, na kuna akina Ó hÉalaighthe wa Cork kule kusini, maeneo ya Donoughmore. Kwa hiyo ukikuta Healy wa Boston babu yake katoka Cork na Healy wa Chicago babu yake katoka Sligo, usithubutu kuandika "wana ukoo mmoja". Jina moja, damu mbali.

Na bado hujamaliza. Kaskazini mwa Uingereza kuna mahali panaitwa Healey na kuna watu wamechukua jina kutoka hapo, Waingereza kabisa, na baadhi ya watu wa namna hiyo walifika Marekani mapema sana kabla Wairishi waliokimbia njaa kubwa ya viazi hawajapanda meli. Hivyo unapomkuta mtu kama Joseph Healy aliyekuwa mbunge wa Kongresi kutoka New Hampshire 1825 hadi 1829, usimpe Uairishi bure kwa sababu ya jina tu. Mweke pembeni mpaka umwone baba yake na babu yake kwenye karatasi. Mimi ningemwacha nje ya orodha kabisa, bora orodha fupi iliyo safi.

Hatua ya pili: kusanya tahajia zote

Hii ni fupi. Andika Healy, Healey, O'Healy, Hely, Haley, Heally, na kila unachoweza kufikiria, halafu tafuta zote. Ile O' ya mbele ilianguka kwa familia nyingi wakati wa utawala wa Waingereza hata kabla watu hawajasafiri. Na tafadhali acheni kile kisa cha kwamba maafisa wa Ellis Island, kile kituo cha kupokea wahamiaji New York, ndo walibadilisha majina ya watu, sio kweli, wale maafisa walikuwa wanasoma orodha ya abiria iliyoandikwa kule kule meli ilikotoka. Majina yalibadilika baadaye, shuleni, kazini, kwenye sensa, au mwenye jina mwenyewe aliamua tu. Isitoshe Ellis Island ilifunguliwa 1892, na Wairishi wengi walishaingia zamani, wale wa njaa kubwa ya viazi ya 1845 mpaka 1852 iliyoua kama watu milioni moja na kusukuma wengine zaidi ya milioni moja nje ya nchi.

Tofauti ya herufi moja isikudanganye pia. Kuna Healy na Healey ndani ya nyumba moja, karani wa sensa aliandika alivyosikia.

Hatua ya tatu: pata orodha ya kwanza, chafu, usiogope uchafu

Kwa wanasiasa anza na ile kamusi ya wasifu wa wabunge inayotunzwa na Kongresi yenyewe, iko mtandaoni bure, unaandika jina la ukoo inakupa kila aliyewahi kukaa kwenye Kongresi tangu ile ya kwanza ya 1774. Ukiweka Healy na Healey utapata, pamoja na yule wa New Hampshire, Ned Healy wa California aliyekaa 1945 mpaka 1947, James Healey wa New York, na Arthur Daniel Healey wa Massachusetts aliyeingia 1933 akatoka 1942 kwenda kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho.

Huyu Arthur simama naye kidogo. Watu wanampita kwa sababu hana picha nzuri wala kashfa, lakini jina lake limo ndani ya sheria, ile sheria ya Walsh-Healey ya 1936, kipindi cha Roosevelt, iliyosema kampuni yoyote inayopewa na serikali kuu tenda ya bidhaa ya zaidi ya dola 10,000 lazima ilipe wafanyakazi mshahara wa kima cha chini na overtaimu wakizidisha saa nane kwa siku, na isiajiri watoto. Walsh ni seneta David Walsh wa jimbo hilo hilo, naye ni Mwairishi wa asili, yaani majina mawili ya Kiairishi yamegandishwa kwenye sheria moja ya kazi. Kwangu huyu ana uzito kuliko magavana watatu waliokata riboni tu.

Wasio wanasiasa utawatoa kwenye orodha za viongozi wa vyuo, maaskofu, wakuu wa taasisi za serikali, wachoraji. Hapo ndo utamkuta George Peter Alexander Healy, mzaliwa wa Boston 1813, baba yake nahodha wa meli kutoka Ayalandi, kijana akaenda Ulaya akawa mchoraji wa wafalme. Mfalme Louis Philippe wa Ufaransa alimtuma arudi Marekani kuchora watu mashuhuri, akamwahi rais wa zamani Andrew Jackson mwaka 1845 siku chache tu kabla mzee hajafa. Ile picha ya Abraham Lincoln amekaa kwenye kiti, kaegemea mbele, kidevu kakishika kwa mkono, inayojulikana kutoka chumba cha chakula cha Ikulu ya Marekani, ni kazi yake ya 1869, Lincoln mwenyewe alishauawa miaka minne nyuma. Umeshaiona mara mia bila kujua aliyeichora ni nani.

Na utamkuta Bernadine Healy, daktari wa moyo, mwanamke wa kwanza kuongoza taasisi za taifa za afya za Marekani, 1991 mpaka 1993. Kilichomfanya awe mtu wa kukumbukwa ni kwamba tafiti nyingi kubwa za moyo zilikuwa zinafanywa kwa wanaume halafu dawa wanapewa na wanawake, yeye akasukuma utafiti mkubwa wa afya ya wanawake wenye bajeti ya dola milioni 625. Baadaye akaongoza Msalaba Mwekundu wa Marekani kuanzia 1999, akaondoka 2001 baada ya mvutano mkubwa kuhusu michango ya wahanga wa Septemba 11, maana watu walichanga wakijua hela yote inaenda kwa familia wakasikia sehemu inawekwa akiba kwa matumizi mengine.

Hatua ya nne: uliza jina limeingiaje

Sasa anza kuchuja. Kila mtu kwenye orodha muulize swali moja, alizaliwa nalo au aliolewa nalo? Mwanaume mara nyingi haimsumbui, ila kwa wanawake wa Marekani usipouliza utaaibika.

Mfano Dorothy Healey, kiongozi wa chama cha kikomunisti Los Angeles kwa miaka mingi, magazeti yalimwita malkia mwekundu. Yeye na wenzake walihukumiwa 1952 kwa sheria ya Smith, iliyokataza kuhubiri kupindua serikali, na 1957 mahakama kuu ya nchi ikazifuta hukumu zile kwenye kesi ya Yates. Mwanamke shupavu, lakini Uairishi wake ni wa cheti cha ndoa, alizaliwa Dorothy Rosenblum, wazazi Wayahudi kutoka Hungary. Je umtoe? Inategemea kichwa cha makala yako. Kama umeandika "watu wenye jina Healey" anabaki. Kama umeandika "Wairishi" anatoka. Amua mapema na ushike uamuzi wako huo huo kwa wote.

Mwingine ni Kerry Healey, naibu gavana wa Massachusetts 2003 hadi 2007 chini ya Mitt Romney, aligombea ugavana 2006 akashindwa na Deval Patrick. Huyu jina la kuzaliwa ni Murphy! Kwa hiyo ametoka jina moja la Kiairishi kaingia lingine, na anayemchora kwenye mti wa ukoo wa Healey amempeleka nyumba ya watu wengine.

Hatua ya tano: tafuta mama

Hapa ndo moyo wa kazi yote, usipite haraka. Jina la ukoo linafuata baba, na kinachofuata baba kinaficha nusu ya mtu. Kwa akina Healy wa Georgia kimeficha zaidi ya nusu.

Michael Morris Healy alizaliwa Ayalandi 1796, akahamia Marekani, akapata ardhi Georgia karibu na mji wa Macon kwenye mto Ocmulgee, akafikia kumiliki kama ekari 1,500 na watumwa 49. Mmoja wa watu hao, binti mwenye asili ya Kiafrika aitwaye Mary Eliza, alianza kuishi naye kama mke kuanzia 1829 wakazaa watoto kumi. Sheria ya Georgia haikuitambua ndoa hiyo hata kidogo, na mtoto alifuata hali ya mama, kwa hiyo watoto wale wote kisheria walikuwa watumwa, tena watumwa wa baba yao mzazi. Kuwapa uhuru hakuweza bila bunge la jimbo kukubali. Kuwasomesha ilikuwa kosa.

Baba akawapeleka kaskazini mmoja mmoja, kwanza shule ya Waquaker, Wakristo waliopinga utumwa, huko Flushing, New York, halafu chuo kipya cha Kikatoliki cha Holy Cross, Worcester, Massachusetts. Mwaka 1850 wazazi wote wawili wakafa wakipishana miezi michache tu, na wale wadogo waliobaki shambani ikabidi watolewe Georgia kabla mtu hajawadai kama mali.

Sasa angalia walifika wapi. James Augustine alikuwa wa kwanza darasani kwenye mahafali ya kwanza ya Holy Cross 1849, akapewa upadri Paris kwenye kanisa la Notre-Dame 1854, na 1875 akawa askofu wa Portland, Maine, mpaka alipofariki 1900. Patrick Francis akaingia shirika la Wajesuiti, akapata udaktari wa falsafa Leuven, Ubelgiji, 1865, kisha akawa rais wa chuo kikuu cha Georgetown kuanzia 1874 mpaka 1882, lile jengo kubwa lenye mnara ambalo kila picha ya chuo inalo linaitwa kwa jina lake. Na hapo kumbuka Georgetown hiyo hiyo ni chuo ambacho Wajesuiti waliokiendesha waliuza watumwa 272 mwaka 1838 ili kulipa madeni, haijapita hata miaka 40 kiti cha rais kakalia mtu aliyezaliwa mtumwa. Dada yao Eliza akawa sista na mkuu wa konventi Vermont.

Michael, mdogo wao, shule haikumkaa, akakimbilia baharini. Aliingia kikosi cha serikali cha meli za ushuru, ambacho ndo baba wa walinzi wa pwani wa leo, na 1886 akapewa meli iitwayo Bear akawa anazunguka bahari ya Bering na pwani za Alaska, yeye ndo polisi, hakimu, daktari na posta kwa maelfu ya maili. Alisaidia kuvusha reindeer, wale wanyama wenye pembe wanaofugwa kwenye barafu, kutoka Siberia kwenda Alaska ili wenyeji wapate chakula baada ya wavuvi wa nyangumi kumaliza riziki yao. Alikuwa mkali, mlevi pia, 1896 mahakama ya kijeshi ikamwondoa kwenye uongozi wa meli kwa miaka minne. Leo walinzi wa pwani wana meli ya kuvunja barafu inaitwa Healy, na Septemba 2015 ilifika Ncha ya Kaskazini bila meli nyingine kuisindikiza.

Sasa swali la mwongozo: hawa ni Wairishi au Waafrika? Kwenye maisha yao wenyewe walijihesabu Wairishi Wakatoliki, Patrick na Michael waliweza kupita kama wazungu, na askofu James alialikwa kwenye makongamano ya Wakatoliki weusi akakataa. Ndo maana utakuta vitabu vingine vinasema padri wa kwanza mweusi wa Marekani ni Augustus Tolton aliyepadirishwa 1886, na vingine vinasema ni James Healy wa 1854. Wote wana hoja, Tolton ni wa kwanza aliyejulikana na kila mtu kuwa mweusi. Usichague upande mmoja ukafuta mwingine, andika mama alikuwa nani, andika sheria ilisemaje, andika wao walijiitaje. Mimi binafsi kuwalaumu kwamba walijificha naona ni rahisi sana ukiwa umekaa sebuleni mwaka huu na simu mkononi. Mtu ambaye kisheria angeweza kuuzwa akirudi kwao ana haki ya kunyamaza.

Hatua ya sita: tenganisha wanaofanana

Georgetown imekuwa na marais wawili Healy. Patrick wa karne ya 19, na Timothy Healy, Mjesuiti pia, rais 1976 hadi 1989, baadaye akaongoza maktaba ya umma ya New York mpaka alipofariki Desemba 1992. Hawahusiani. Nimeona mtu ameunganisha picha ya mmoja na wasifu wa mwingine na kila mtu anasheya tu.

Massachusetts nako hivyo hivyo, Kerry aligombea ugavana kwa Republican akakosa, miaka 16 baadaye Maura Healey wa Democrat akashinda, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa jimbo tangu 2015, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa gavana hapo, na zamani alicheza basketi ya kulipwa Austria. Wote wanawake, wote Healey, wote jimbo moja, wote wamesoma Harvard. Dawa yake ni kuandika kila jina na mwaka wa kuzaliwa na sehemu ya kuzaliwa pembeni, kwenye Excel au daftari, usitegemee kichwa.

Familia za Kiairishi pia zilikuwa na desturi ya kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, hivyo Michael anamzaa John anayemzaa Michael, ukoo mzima una majina matano.

Hatua ya saba: rudi kwenye karatasi

Upande wa Marekani, FamilySearch, tovuti ya kutafutia kumbukumbu za ukoo, ni bure ukijisajili, na magazeti ya zamani ya maktaba ya Kongresi yako wazi. Sensa zinafungwa miaka 72, ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Ya 1850 ndo ya kwanza kuandika kila mtu huru kwa jina, na za 1880 mpaka 1930 zinakuambia wazazi walizaliwa wapi, hizo ni dhahabu kwa kazi hii. Ya 1890 karibu yote ilipotea baada ya moto wa 1921 Washington, usipoteze wikendi unaitafuta. Na kwa watumwa, sensa za 1850 na 1860 ziliandika umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki, jina la mtu mwenyewe hamna. Mary Eliza ukimtafuta kwa njia ya kawaida humpati, unamtafuta kupitia mali ya mume wake.

Upande wa Ayalandi, sensa za 1821 mpaka 1851 nyingi ziliungua Dublin 1922 kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, na za 1861 mpaka 1891 serikali yenyewe iliziharibu. Kamili zinaanza 1901 na 1911, bure mtandaoni. Kujaza pengo tumia ile tathmini ya ardhi ya Griffith ya 1847 mpaka 1864 inayoonyesha nani alikuwa anakodi shamba gani kijiji gani, na vitabu vya ubatizo vya parokia za Kikatoliki ambavyo maktaba ya taifa ya Ayalandi imeviweka picha zake bure. Vingi vimeandikwa Kilatini, kwa hiyo Patrick ni Patricius na James ni Jacobus, ukikwama muulize padri, huku kwetu wengi waliosomeshwa na Wairishi wa misheni bado wapo.

Hatua ya nane: kuandika

Kila mtu mpe vitu vinne tu kwanza, jina kamili na la kuzaliwa kama ni tofauti, mwaka na mahali, alifanya nini ambacho watu wengine walikihisi, na jina limemfikaje. Baada ya hapo ndo uongeze manjonjo. Neno "wa kwanza" litumie kwa kiasi na kila mara useme wa kwanza kati ya kina nani. Neno "ndugu" usiliandike bila karatasi.

Kwa walio hai weka tarehe uliyoandika juu kabisa, maana vyeo vinabadilika, Massachusetts uchaguzi wa gavana ni Novemba 2026, na ukurasa wako utaendelea kusomwa na watu ambao hawajui uliuandika lini.

Orodha ikizidi watu 15 igawe kwa asili ya jina badala ya kazi zao, waliozaliwa nalo na baba wa Ayalandi, walioolewa nalo, wenye Healey ya Uingereza. Akina Healy wa Georgia wape sehemu yao peke yao, na jina la kwanza kwenye sehemu hiyo liwe la Mary Eliza, ambaye hakuwahi kuitwa Healy kisheria.